Waraka wa Kifaa: Mgogoro kati ya Waandishi wa Programu Huria na Watengenezaji wa Maunzi

0. Utangulizi

Anayenunua kompyuta hupata vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni maunzi, yaani sehemu zote zinazoshikika kwa mkono: skrini, diski, kadi ya mtandao na chipu zilizomo ndani yake. Cha pili ni programu zinazoyaamrisha maunzi hayo. Kati ya hivyo viwili kuna kitu cha tatu ambacho wanunuzi wengi hawakioni kamwe: waraka wa kiufundi unaoeleza namna kila chipu inavyopokea amri. Kampuni iliyounda chipu inao waraka huo. Swali ni kama inawajibika kumpa mtu mwingine.

Makala haya yanaeleza mgogoro uliozuka kuhusu swali hilo kati ya waandishi wa programu huria na kampuni za maunzi, hasa katika miaka ya 1990 hadi 2010. Kwanza yanafafanua istilahi, kisha yanapitia chimbuko la mgogoro, hoja za kila upande, na mifano michache iliyo wazi zaidi. Lengo ni kuonyesha kwamba kinachogombaniwa ni maarifa: je, aliyekwisha kulipia kifaa ana haki ya kujua kinavyofanya kazi, au amenunua mbuzi ndani ya gunia?

1. Istilahi za msingi

Kila chipu ina vijisanduku vidogo vya kumbukumbu viitwavyo rejista. Programu ikiandika namba fulani katika rejista fulani, chipu hutenda tendo fulani: huwasha redio, huhamisha data, au hubadilisha rangi ya nukta kwenye skrini. Programu inayojua kuandika namba hizo kwa mpangilio wake huitwa kiendeshaji. Mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows, Linux au OpenBSD, huzungumza na kiendeshaji, na kiendeshaji ndicho kinachozungumza na kifaa.

Waraka wa kifaa huorodhesha rejista hizo. Hueleza ziko wapi, kila biti ina maana gani, amri zitolewe kwa utaratibu upi, na kasoro za chipu zilizokwisha kugunduliwa zikwepwe kwa njia gani. Kwa msomaji wa isimu, mfano ulio karibu ni sarufi pamoja na kamusi. Aliye navyo hujifunza lugha kwa muda mfupi. Asiye navyo hana budi kwenda kwa wasemaji, kusikiliza, kuandika anachosikia, na kukisia kanuni. Na hata baada ya miaka mingi hana hakika kama amezipata zote.

Baadhi ya vifaa vina kompyuta ndogo ndani yake, na kompyuta hiyo ina programu yake iitwayo fimuwea. Zamani fimuwea ilihifadhiwa ndani ya kifaa tangu kiwandani. Baadaye, ili kupunguza gharama, watengenezaji wengi waliacha kuihifadhi humo, wakautaka mfumo wa uendeshaji uipakie kila kompyuta inapowashwa.

Programu huria ni ile ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na mwanaprogramu kabla hayajageuzwa kuwa namba za mashine, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Hapa kuna madai matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: kudai waraka, kudai ruhusa ya kugawa fimuwea, na kudai msimbo chanzo wa kampuni. Waandishi wengi wanaotajwa katika makala haya hawakudai hilo la tatu. Waliomba waraka tu, ili waandike kiendeshaji kwa mikono yao wenyewe na bila malipo. Jibu walilopewa mara nyingi lilikuwa kitu kingine kabisa: kiendeshaji kilichokwisha kugeuzwa kuwa namba, kisichosomeka na mtu. Watumiaji wa OpenBSD hukiita kitu cha namna hiyo bonge.

2. Chimbuko la mgogoro

Usiri haukuwapo tangu mwanzo. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, iliuza pamoja nayo kitabu cha marejeo ya kiufundi chenye michoro ya saketi na hata msimbo wa programu inayoiwasha kompyuta hiyo. Mwenye kitabu hicho aliweza kutengeneza kadi, kuandika kiendeshaji, au kurekebisha kilichoharibika.

Hata hivyo, dalili za badiliko zilikuwa zimekwisha kuonekana. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia katika chuo cha MIT, Marekani, ilipokea mashine ya kuchapisha iliyotengenezwa na kampuni ya Xerox. Mashine waliyokuwa nayo kabla ya hiyo ilikuwa na programu iliyo wazi, na Richard Stallman alikuwa ameirekebisha ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Kwa mashine mpya hakuweza kufanya hivyo, kwa kuwa msimbo haukutolewa. Alipomwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, alinyimwa, kwa sababu mtafiti huyo alikuwa ametia sahihi mkataba wa kutunza siri. Stallman amelitaja tukio hilo mara nyingi kuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya atangaze mradi wa GNU mwaka 1983.

Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux huko Helsinki mwaka 1991, tatizo lilipanuka. Sasa palikuwa na maelfu ya watu waliotaka kutumia mfumo huria katika kompyuta za kawaida, zenye kadi za kila aina. Waandishi wa XFree86, programu iliyochora madirisha kwenye skrini, waligundua mapema kwamba kampuni nyingine zilikuwa tayari kutoa nyaraka na nyingine hazikuwa tayari. Kwa miaka kadhaa waliwashauri watumiaji waziepuke kadi za Diamond, kwa sababu kampuni hiyo haikutoa habari za kuziendesha bila mkataba wa siri. Baadaye Diamond ilibadili msimamo wake. Hapo ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwamba ushauri wa waandishi kwa wanunuzi unaweza kuwa silaha.

3. Hoja za watengenezaji

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kampuni zinazonyima nyaraka hazina hoja. Hoja zao kuu ni nne.

Ya kwanza ni siri ya biashara. Chipu mbili zinazofanana bei hutofautiana kwa werevu wa uundaji wake, na kampuni huhofu kwamba orodha ya rejista itamfunulia mshindani werevu huo. Ya pili ni hataza na mali ya watu wengine. Chipu nyingi zina sehemu zilizonunuliwa kwa leseni kutoka kampuni nyingine, na mnunuzi wa leseni hana ruhusa ya kuzieleza. Ya tatu ni sheria za redio. Mamlaka kama FCC ya Marekani hupanga masafa na nguvu ambazo kifaa kinaruhusiwa kutumia, na kampuni huhofu kulaumiwa iwapo mtumiaji atavuka mipaka hiyo. Ya nne ni gharama: nyaraka za ndani huandikwa kwa ajili ya wahandisi wachache wanaofahamiana, na kuzisafisha ili zisomwe na wageni ni kazi ya kulipiwa.

Waandishi wa programu huria huzijibu hoja hizo hivi. Mshindani mwenye fedha ana maabara ya kufungua chipu na kuichunguza, kwa hiyo anayefichwa hasa ni mteja. Orodha ya rejista hueleza kifaa kinaamrishwaje, haielezi kimeundwaje ndani. Sheria za redio zinaweza kulindwa ndani ya chipu yenyewe. Na kuhusu gharama, wao hawadai nyaraka nadhifu. Wako tayari kupokea zile zile wanazotumia wahandisi wa kampuni.

4. OpenBSD na mkataba wa siri

Mradi uliosimama imara kuliko yote katika jambo hili ni OpenBSD, ulioanzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt katika mji wa Calgary, Kanada. Mradi huo hujishughulisha zaidi na usalama, nao hukataa kabisa kutia sahihi mikataba ya kutunza siri ili kupata nyaraka.

Sababu ya kukataa inastahili kuelezwa, maana kwa nje huonekana kama ukaidi. Mtu akitia sahihi, anaruhusiwa kuandika kiendeshaji na kuutoa msimbo wake, lakini haruhusiwi kueleza namba alizoziandika zina maana gani. Msimbo uko wazi, nao haueleweki. Akihama mradi, akifa, au akichoka, anayemrithi anakuta ukurasa uliojaa namba zisizo na maelezo. Kosa la usalama likigunduliwa, hakuna wa kulirekebisha ila yule aliyeapa kunyamaza. Kwa mtazamo wa OpenBSD, uwazi wa namna hiyo ni wa jina tu.

Katika miaka ya 2004 na 2005 mradi huo uliwahimiza watumiaji wake waziandikie kampuni za kadi za mtandao usio na waya. Ombi lilikuwa la aina mbili: nyaraka za chipu, na ruhusa ya kugawa fimuwea pamoja na mfumo. Kampuni za Taiwan kama Ralink zilikubali kutoa nyaraka, na viendeshaji vya chipu zao vikaandikwa haraka. Kampuni kadhaa kubwa za Marekani zilikataa, au zilitaka kila mtumiaji akubali leseni yeye mwenyewe kabla ya kuipata fimuwea. Kwa juhudi hizo Theo de Raadt alipewa tuzo ya mwaka 2004 ya Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Stallman, ingawa wawili hao hutofautiana katika mambo mengi.

Mfano mwingine ni wa kadi za diski za kampuni ya Adaptec. Kadi hizo huunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data zisipotee. Kazi hiyo ina maana tu ikiwa mwenye mashine anaarifiwa kwamba diski imekufa, ili aibadilishe kabla ya ya pili kufa. OpenBSD iliweza kusoma na kuandika data kupitia kadi hizo, lakini haikuweza kuziuliza hali ya diski, kwa sababu nyaraka za usimamizi hazikutolewa. Baada ya kuziomba kwa miezi kadhaa bila mafanikio, mwaka 2005 mradi uliamua kukiondoa kiendeshaji hicho katika toleo la 3.7. Watumiaji wengine walilalamika, kwa kuwa mashine zao zilikuwa zikitumia kadi hizo. Waandishi walijibu kwamba kiendeshaji kisichoweza kumwonya mtu kuhusu diski iliyokufa humpa imani ya uongo. Katika toleo la 3.8, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo, waliingiza programu iitwayo bioctl ya kusimamia diski za namna hiyo, wakaanza na kadi za watengenezaji wengine.

5. Kuandika sarufi bila msemaji

Penye kukataliwa waraka, njia iliyobaki ni uchunguzi wa kinyume. Mchunguzi huchukua kiendeshaji cha kampuni, hutazama namba kinazoziandika katika rejista na majibu yanayorudi, kisha hujaribu kujenga upya kanuni. Kazi hii inalingana na ya mwanaisimu anayeikuta lugha isiyoandikwa, huku wasemaji wake wakiwa wamekatazwa kumjibu.

Sheria imeipa kazi hiyo nafasi fulani. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1991 kuhusu ulinzi wa programu za kompyuta liliruhusu kuchambua programu kwa masharti, ikiwa ni lazima ili programu nyingine iweze kushirikiana nayo. Nchini Marekani, hukumu ya mwaka 1992 kati ya Sega na Accolade ilikubali hoja inayokaribiana na hiyo. Hata hivyo mchunguzi hana budi kujilinda asije akashitakiwa kwa kunakili. Kwa chipu za redio za Broadcom, waandishi walijigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilichambua kiendeshaji cha kampuni na kuandika maelezo kwa maneno ya kawaida. Kundi la pili, ambalo halikukitazama kamwe kiendeshaji hicho, liliandika kipya kwa kufuata maelezo hayo. Kazi yao iliingia katika Linux mwaka 2006. Mwaka 2010 Broadcom yenyewe ilitoa kiendeshaji huria kwa chipu zake mpya.

Habari ya Atheros inafanana na hiyo. Kampuni hiyo ilitoa bonge, ikitaja sheria za redio. Reyk Floeter wa OpenBSD aliandika badala yake kwa uchunguzi wa kinyume, na mfumo huo ukaanza kuitumia mwaka 2005. Waandishi wa Linux waliitamani kazi hiyo, lakini waliogopa kwamba huenda imenakiliwa. Mwaka 2007 wanasheria wa Software Freedom Law Center waliichunguza na kutoa maoni kwamba haikukiuka haki za kampuni. Mwaka 2008 Atheros ilitoa kiendeshaji huria kwa chipu zake mpya, na baadaye mwaka huo huo ikautoa msimbo wa lile bonge la zamani. Sheria za redio hazikuwa zimefutwa. Kilichobadilika ni hesabu ya kampuni: siri iliyokwisha kufichuliwa haina faida tena, na wateja waliotaka Linux walikuwa wameongezeka.

6. Kadi za skrini: njia mbili zilizoachana

Kampuni mbili za kadi za skrini zinaonyesha matokeo ya maamuzi tofauti. AMD iliinunua ATI mwaka 2006. Septemba 2007 ilitangaza kwamba itachapisha nyaraka za chipu hizo hadharani, bila mkataba wa siri, na ikashirikiana na waandishi wa SUSE kuanzisha kiendeshaji kipya. Tangu hapo kadi zake zimekuwa na viendeshaji huria ndani ya Linux, na mmiliki wa kadi ya zamani hutegemea jamii nzima ya waandishi kuiendeleza.

Nvidia ilishika njia ya bonge. Waandishi wakaanza mradi wa uchunguzi wa kinyume ulioitwa Nouveau, neno ambalo wasomaji wa Kifaransa watalielewa mara moja, nao ukaingia katika Linux mwaka 2010. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Torvalds aliulizwa kuhusu kampuni hiyo, naye akajibu mbele ya kamera kwa maneno ya matusi na ishara ya kidole. Mwaka 2013 Nvidia ilianza kutoa baadhi ya nyaraka. Lakini kuanzia mwaka 2014 chipu zake mpya zilikubali tu fimuwea iliyotiwa sahihi ya siri na kampuni yenyewe, kwa hiyo hata aliyekisia kanuni zote hakuweza kuongeza kasi ya kadi. Mwaka 2022 kampuni ilitoa msimbo huria wa sehemu ya kiendeshaji inayokaa katika kiini cha Linux, huku kazi nyingi zikiwa zimehamishiwa katika fimuwea iliyofungwa.

Badiliko hilo linafundisha jambo. Ubishi ulianza katika waraka, ukahamia katika kiendeshaji, sasa uko katika fimuwea. Kila mlango mmoja unapofunguliwa, siri husogezwa chumba cha ndani zaidi.

7. Kompyuta za wanafunzi

Wapo wanaoona kwamba mambo haya ni ugomvi wa mafundi wa nchi tajiri. Mfano wa mradi wa One Laptop per Child unaonyesha vinginevyo. Mradi huo uliunda kompyuta ndogo ya bei nafuu kwa watoto wa shule, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozipokea kwa wingi. Ili kompyuta ziweze kupelekeana ujumbe hata kichakato kikuu kikiwa kimelala, wahandisi walichagua chipu ya redio ya kampuni ya Marvell yenye kichakato chake ndani, nao wakakubali masharti ya siri ili kuipata kazi hiyo. Mwaka 2006 de Raadt aliwalaumu hadharani kwamba wameipa nguvu desturi ya kuficha. Wao walijibu kwamba hapakuwa na chipu nyingine iliyokidhi mahitaji ya umeme mdogo, na kwamba walikuwa wakiendelea kuishawishi kampuni. Kompyuta zilipogawiwa, fimuwea ya chipu hiyo ilikuwa bado imefungwa.

Pande zote mbili zilikuwa na haki fulani. Mtoto wa shule alihitaji kompyuta mwaka ule, si baada ya mabishano kwisha. Lakini kompyuta ya shule za mbali haibadilishwi kila baada ya miaka miwili kama ile ya ofisi ya Boston. Hudumu hadi ivunjike, na mara nyingi huishi kuliko hamu ya kampuni kuihudumia. Siku kosa linapopatikana katika redio yake, fundi wa Kigali au Lubumbashi aliye na waraka anaweza kujaribu kulirekebisha. Asiye nao atasubiri barua ambayo huenda isijibiwe. Hivyo anayeathirika zaidi na usiri ni yule anayetumia kifaa kwa muda mrefu na aliye mbali na kiwanda.

8. Hitimisho

Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa Linux, aliziahidi kampuni zote kwamba jamii yake itawaandikia viendeshaji bure wakitoa nyaraka, hata kwa mkataba wa siri ikilazimu. Mwaka uliofuata zaidi ya waandishi 100 wa kiini cha Linux walitia sahihi tamko kwamba viendeshaji vilivyofungwa vinawadhuru watumiaji. Kati ya msimamo wa Linux, unaokubali siri ya muda ili kazi iendelee, na ule wa OpenBSD, unaoikataa kabisa, mjadala haujafungwa.

Mifano iliyotolewa inaonyesha hata hivyo kwamba nyaraka zilizopatikana hazikupatikana kwa hisani peke yake. Zilipatikana pale wanunuzi walipouliza kabla ya kununua, pale wachunguzi walipoifanya siri isiwe na thamani, na pale kampuni mshindani ilipofungua mlango wake kwanza. Chuo kikuu kinachonunua kompyuta hamsini kwa mara moja ni mnunuzi wa kusikilizwa. Kabla ya kutia sahihi hati ya malipo, kinaweza kuuliza swali moja rahisi: je, waraka wa chipu hizi umechapishwa? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa kwa Kiswahili programu ya ofisi ya OpenOffice, kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Programu yenye maneno ya Kiswahili ikipakiwa katika kompyuta ambayo mtandao wake hauwaki na skrini yake haisomeki, tafsiri hiyo haitamfaa mtu.